Nyundo ya Mama na Tairi la Ndani

Juzi nilimpeleka mwanangu kwa fundi baiskeli akazibiwe pancha. Fundi akafungua kikopo cha solusheni, akachovya kidole, akaanza kupaka kwenye tyubu, na mimi nikasimama pale nimeduwaa kama mtu aliyesikia anaitwa. Mwanangu akaniuliza, "Mama, unalia?" Nikamwambia ni moshi. Hapakuwa na moshi wowote, na mtoto si mjinga, ila alinisitiri.

Ile ndiyo harufu ya mama yangu. Mama wa wenzangu walinukia sabuni ya mche na mafuta ya mgando. Wangu alinukia solusheni, dizeli na mpira uliopata moto, na hata Jumapili kanisani, ndani ya kitenge chake kipya cha Zambia, harufu hiyo ilitangulia kuketi kabla yake. Sasa amelala Ibaba, nyumbani kwa kina baba, na huu ni mwaka wa pili. Watu wakinisimulia habari zake wananisimulia mama mpole aliyependa kwaya. Hawasemi uongo, alipenda kwaya. Lakini mimi nina mama mwingine wa kuwaonyesha, mwenye nyundo mkononi, na nisipomwandika leo naona atanipotea.

Ninyi mliokulia Tunduma zama zetu mnakijua kibanda chetu hata kama hamkumbuki kuwa mnakijua. Mabati manne, rundo la matairi yaliyokwisha, pipa la maji meusi la kutafutia pancha, na kompresa iliyokohoa asubuhi nzima kabla ya kukubali kuwaka. Kilikuwa ukingoni mwa barabara kuu, upande wa kushoto ukitokea Mpemba. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu alikuwa na cha kuuza, na malori yalipanga foleni ya kuvuka mpaka hata yakatupita sisi na kupotelea kule bondeni. Ya mafuta yakienda, ya shaba yakirudi. Madereva walipika, walifua na kunyoana ndevu pale pale barabarani, na sisi watoto tulijua namba za magari ya Zambia kabla ya kujua jedwali la kuzidisha.

Hakuna dereva mwenye akili aliyeondoka pale bila kugongewa matairi. Nyundo ilikuwa fupi, mpini wa mpera, kichwa kimelika upande mmoja. Fundi alizunguka gari lote akigonga tairi moja moja, akisikiliza, akipita. Geji ya kupimia upepo tulikuwa nayo, lakini geji inataka ufungue kifuniko, uiname, usome, na kwa tairi la ndani, lile lililojificha nyuma ya mwenzake, uingize mkono mpaka begani huku dereva anakupigia honi. Nyundo ilimaliza gari zima wakati geji ingali kwenye tairi la tatu.

Fundi alikuwa baba. Mama aliuza ugali, maharage na dagaa kwenye meza kando ya kibanda, akikoroga na kutazama, akikoroga na kutazama, miaka sita. Kisha siku moja baba anajaza upepo tairi la lori, ile ringi ya chuma inayolishikilia tairi kwenye rimu ikachomoka. Mimi nilikuwa shule. Tulisikia mlio mpaka darasani, tukadhani ni radi, tukashangilia kwamba mvua inakuja. Mpaka leo nikikumbuka kwamba nilishangilia nakosa raha. Ringi ilimvunja baba mkono wa kulia mahali pawili, na ule mlio ukamchukua masikio. Alipotoka hospitali mkono ulikuwa umeunga vibaya, na ukitaka kusema naye ilibidi upige kelele kwenye sikio la kushoto, ambalo ndilo lilikuwa na nafuu kidogo.

Mama alimuuguza wiki tatu. Wiki ya nne akaiuza meza ya ugali, akajifunga kitenge kiunoni, akafungua kibanda. Baba hakumkataza wala hakumruhusu. Alikaa nyumbani akichambua maharage kwa mkono wa kushoto, na akitaka kwenda dukani alipita njia ya nyuma, kwenye mahindi ya watu, ili asikione kibanda wala kibanda kisimwone. Hatukuwahi kumsikia akilitaja jina la kazi ile tena.

Madereva walimcheka mama, hilo msidhani nalitia chumvi. Wapo waliosimamisha gari, wakamwona, wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Mama akajibu, "Sema shida yako, baba." Wakawasha gari wakaondoka. Wa kwanza kumkubali hawakuwa watu wetu bali Wazambia, ambao foleni iliwachosha hata wangeziba pancha kwa shetani. Mmoja, mnene, wa lori la shaba, alimwacha agonge matairi yake yote, akacheka, kisha akapima kwa geji lile aliloambiwa ni legevu. Alipoinuka hakuwa anacheka. "Natotela, mama," alisema, yaani asante kwa Kibemba, na tangu siku ile kila alipopita alisimama kwetu tu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kuwachekesha kidogo. Mimi sikuelewa mama anafanya nini. Baba alipokuwa akigonga matairi nilikuwa mdogo, sikujali. Mama alipoanza ndipo nikatazama, nikamwona anazunguka malori uso umekunjwa, anapiga tairi, anatulia, anapiga jingine. Nikajua moja kwa moja: analipa kisasi. Tairi limemlemaza mume wake, naye anawatandika ndugu zake wote, mmoja baada ya mwingine, wa Tanzania, wa Zambia na wa Kongo, bila upendeleo. Na niliona kwa macho yangu kwamba yanamwogopa, maana nyundo ilipogusa tu ilitupwa juu, kana kwamba tairi linasema basi, basi, nimekoma. Nilimpenda mama kwa jambo hilo kuliko nilivyompenda kwa chakula. Nilijisemea kwamba nami nikikua nitakuwa na adui mkubwa hivyo na nitampiga kila siku.

Darasa la sita tulikuwa na Mwalimu Zuhura, mwenyeji wa Tanga, mwembamba, aliyekuja kwetu na makoti mawili na akayavaa yote kwa pamoja kuanzia Mei hadi Agosti. Kiswahili chake kilikuwa kitamu. Sisi nyumbani tulisema Kindali, wengine Kinyiha, wengine Kinyamwanga, na Kiswahili chetu kilikuwa na magoti magumu. Yeye alikisema kama anakula embe. Ndiye pia aliyetufundisha mpira wa pete, nami nilikuwa mlinzi wa goli, si kwa ustadi, kwa urefu. Siku moja aliingia darasani na mpira ule, akauachia sakafuni, ukaruka ukamrudia mkononi. "Dunda," akasema. "Mpira unadunda. Kitu kinagonga, kinarudi. Kila mtu atunge sentensi yake."

Wenzangu arobaini waliandika kwamba mpira unadunda. Mimi nikajiona mjanja. Nikaandika: Nyundo ya mama inadunda kwenye tairi kwa sababu tairi linamwogopa.

Mwalimu aliisoma kwa sauti, na darasa likalipuka. Hakuwa mtu mbaya, alitaka tu kufundisha. "Atupele," akasema, "nyundo ni chuma. Chuma hakidundi. Kinachodunda ni mpira." Akaweka kosa, mstari mwekundu mrefu. Nikasimama, nikasema, "Mwalimu, nimeona." Akasema, "Kaa chini." Kuanzia hapo wavulana wa dawati la nyuma wakanipa jina, Binti Nyundo, na nikigusa mpira uwanjani wanapiga kelele kwamba nisiupige utaniogopa. Nami, badala ya kuwakasirikia wao, nikamkasirikia mama. Ndivyo watoto tulivyo. Nikaanza kupita njia ya nyuma, kwenye mahindi, ile ile ya baba, nisionekane kibandani nikiwa na sare ya shule.

Muhula ule tulialikwa kucheza Isongole. Mnaweza kucheka, Isongole ni hapo tu, lakini timu yetu haikuwahi kutoka nje ya Tunduma. Mwalimu Zuhura alihangaika miezi miwili kupata usafiri. Mwishowe mfanyabiashara mmoja wa maharage akatoa lori lake la tani saba, lililokuwa linakwenda huko kuchukua mzigo, na dereva wake, Ambakisye, kijana wa miwani ya jua na kaseti za muziki. Wasichana thelathini, wachezaji na washangiliaji, tukapanda nyuma asubuhi na mapema, tumevaa sketi zilizopigwa pasi, tunaimba kabla gari halijawaka. Nilikuwa nimebeba mpira. Nilijiona mtu.

Ambakisye akaliendesha lori hatua mia mbili, akasimama. Mbele ya kibanda chetu.

"Upepo kidogo mbele, mama, fasta," akaita kupitia dirishani. Nikachuchumaa, nikauweka mpira mbele ya uso. Mama alivuta mpira wa kompresa, akajaza tairi la mbele, na hapo kazi yake ilikuwa imekwisha. Lakini yeye hakuwa mtu wa kuliacha gari likiwa nusu. Akachukua nyundo, akaanza kuzunguka. Mbele kushoto, du. Mbele kulia, du. Akaja nyuma, upande wetu. Tairi la nje, du. Akapenyeza nyundo katikati, akagonga la ndani.

Haikuwa du. Ilikuwa puu, ya chini, kama mtu amepiga gunia la pumba. Nilichungulia. Nyundo haikutupwa juu. Ilibaki pale pale imelalia tairi, na mama naye akabaki ameinama. Akagonga tena. Puu.

"Zima gari," mama akasema.

"Kuna nini tena?"

"La ndani huku halina upepo. Watoto washuke."

Ambakisye akateremka, akalitazama tairi la nje, lililokuwa limevimba vizuri kabisa, akalipiga teke. "Mama, hebu acha hizo. Gari limesimama sawa, haliinami. Nimetoka nalo Mlowo jana."

"Halijainama kwa sababu hili la nje linabeba na mzigo wa mwenzake. Kule mteremkoni likichoka, je?"

"Nimeambiwa saa tano niko Isongole. Unajua kulitoa la ndani ni kazi ya muda gani? Au unatafuta kazi?"

Neno hilo lilimuuma, nilimwona. Kutafuta kazi, yaani kumzulia mtu ubovu ili umpe kazi, lilikuwa ndilo tusi kubwa kwa fundi yeyote wa barabara ile, na kwa mwanamke ambaye nusu ya madereva walikuwa bado wanasubiri akosee, lilikuwa kibanda chenyewe. Akikosea leo, mbele ya shule nzima na foleni yote ile inayotazama, kesho hakuna lori litakalosimama. Akaingia kibandani. Nikadhani amekwisha kata tamaa, na Mungu anisamehe, nikafurahi. Kumbe alikwenda kuchukua gogo. Akaliweka mbele ya tairi la mbele, akalikalia.

Juu ya lori wimbo ulikuwa umekufa. "Atupele, mama yako ana nini?" mmoja akanong'ona, na mwingine akasema kwa sauti, "Binti Nyundo, kamwambie mama yako tutachelewa!" Nilitamani niwe mtoto wa mtu mwingine yeyote, hata wa Ambakisye.

Mwalimu Zuhura alishuka kutoka mbele. "Mama Atupele, shikamoo. Tafadhali. Watoto hawa wamesubiri miezi miwili."

"Marahaba, mwalimu. Na mimi wangu yumo humo juu," mama akasema. Kumbe alikuwa ameniona tangu mwanzo. "Sikiliza. Tairi likiwa na upepo linairudisha nyundo, unaisikia mkononi. Hili limeimeza. Chukua, jaribu mwenyewe."

Mwalimu wetu, mwenye makoti mawili na vidole vya chaki, akapokea nyundo. Akagonga la nje. Nyundo ikaruka hata nusura imponyoke. Akaipenyeza katikati, akagonga la ndani. Ikakaa. Akarudia la nje, kisha la ndani, pole pole, na alipoinuka alinitafuta kule juu mpaka macho yetu yakakutana. Nami ndipo nilipoelewa. Hapakuwa na kisasi. Miaka yote ile mama alikuwa anayauliza matairi swali, na yanamjibu. Nilihisi kupungukiwa, kwa kweli, maana nilikipenda kile kisasi. Kisha nikafikiri ni watu wangapi walikuwa wameshuka milima ya nchi tatu salama kwa sababu ya majibu yale, na nikaona haya kwa njia nyingine kabisa.

"Dereva, tulitoe," mwalimu akasema.

"Mwalimu, wewe ni wa darasani. Gari nimekabidhiwa mimi." Ambakisye alivua miwani. Alikuwa anaogopa tajiri wake, sasa naweza kuona hivyo, hakuwa na ubaya. "Mimi simlazimishi mtu. Huyu mama ana mume, na mume ndiye fundi, kila mtu anajua. Mwiteni. Akisema yeye, nitalitoa. La sivyo mtoeni kwenye tairi langu."

Mama alijua, nami nilijua, kwamba baba hajakanyaga pale tangu ajali.

"Atupele," akaita, bila kugeuka. "Kamwite baba yako."

Nilikimbia na mpira kwapani, kwa njia kubwa, nimesahau mahindi. Baba alikuwa sebuleni na ungo wa maharage. Nikapiga kelele kwenye sikio la kushoto kwamba anaitwa kibandani, dereva anambishia mama. Akatikisa kichwa. Nikapiga kelele tena. "Waache waende," akasema kwa ile sauti yake ya juu ya mtu asiyejisikia. "Kama hawamwamini yeye, mimi nitafanya nini? Gwe mwana, nitazame. Fundi gani mimi?"

Nikauweka mpira sakafuni mbele yake. Nikakunja ngumi, nikaiangusha juu ya mpira, ngumi ikaruka. Nikamwonyesha kwa vidole: tairi la nje. Kisha nikaenda kwenye gunia la maharage yaliyochambuliwa, nikaiangusha ngumi ile ile. Ikazama ikabaki. La ndani.

Baba akaweka ungo chini. Akaniashiria nirudie. Nikarudia, juu ya mpira, juu ya gunia. Akaangalia ngumi yangu iliyolala pale juu ya maharage kwa muda, na uso wake ulibadilika, ukawa ule wa zamani, wa mtu anayesikiliza kitu. Akanyanyuka. Akavaa koti lake la kanisani, sijui kwa nini lile, akapita mbele yangu mlangoni.

Tulipotokea barabarani watu walikuwa wamejaa, madereva wa foleni, wauza karanga, wabadilisha kwacha. Mama alikuwa bado juu ya gogo. Alipomwona baba alisimama, akajipangusa mikono kwenye kitenge. Walitazamana kama wageni wawili waliowahi kuonana mahali. Ambakisye akachukua nyundo kutoka kwa mwalimu, akampa baba kwa mikono miwili, kwa heshima. "Shikamoo, fundi! Hebu piga utuambie!"

Baba aliipokea kwa mkono wa kushoto. Akaipima uzito, akakipapasa kile kichwa kilicholika. Nilisali agonge vizuri. Watu wote walikuwa wakimsubiri, na nadhani kama angegonga na kutikisa kichwa tu, mambo yangekwisha na yeye angekuwa fundi tena mbele ya watu. Alikwenda mpaka kwenye tairi. Akasimama. Kisha akageuka, akamrudishia mama nyundo.

"Mimi sisikii," akasema, kwa sauti kubwa mno, hata waliokuwa mbali kwenye foleni wakageuka. "Na huu mkono hauna habari. Muulizeni fundi."

"Fundi yupi?" Ambakisye akauliza.

Baba hakumsikia. Alikuwa amekwisha mnyooshea mama kidole.

Mama alitazama chini, akakaza fundo la kitenge. Nilidhani atalia, na kama angelia nasi tungelia wote, tulikuwa tayari. Badala yake akamshika baba bega, akainua mdomo mpaka sikio la kushoto. "Lete jeki," akamwambia, vile vile alivyokuwa akiambiwa yeye na baba zamani, akiacha mwiko wake wa ugali na kukimbia. Na baba, na koti lake la kanisani, akaenda kuleta jeki.

Walilitoa pamoja. Ambakisye naye akavua shati akasaidia. Tairi lilipofunguliwa mama aliingiza mkono ndani na kuutoa umejaa unga mweusi, mpira uliosagika kwa kutembezwa bila upepo, na ubavuni nyuzi zilikuwa zimetokeza nje. Alilizungusha watu waone. Hakumwambia mtu yeyote, "Niliwaambia." Ambakisye alizishika zile nyuzi, akatazama juu kwenye lori, akatuangalia, na nadhani alituhesabu. Wakafunga tairi la akiba. Isongole tulifika mchana, tukafungwa magoli mengi ambayo kama mlinzi sitayataja.

Lakini kabla ya kuondoka pale kibandani, Ambakisye alikuwa amekwisha panda, amekwisha washa, akazima tena. Akatoa kichwa dirishani. "Fundi," akasema, na aliyemtazama alikuwa mama. "Naomba uzungushe tena. Yote."

Mama akaanza mbele kushoto. Baba alimfuata nyuma, na kila mama alipogonga yeye aliweka kiganja cha kushoto kwenye tairi, akatikisa kichwa kukubali. Wasichana thelathini hatukupumua. Mmoja alikohoa wakamziba mdomo. Du. Du. Tulizisikiliza zote sita, na ya lile la ndani ilipokuja, safi, ya juu, nyundo ikiruka mkononi mwake, lori zima likashusha pumzi.

Msichana mmoja wa darasa la tano, mgeni, aliyehamia kutoka Ruanda ya Mbozi wiki ile, alinivuta sketi. "Yule mama ni nani?"

Nilisimama juu ya ubao wa pembeni ili mama anione vizuri. "Ni mama yangu," nikasema, na sauti yangu ilitoka kubwa mno, kama ya baba.

Mama akainua macho, nyundo begani. "Kaa chini," akasema. "Utadondoka."